Gurudumu Likining'inia Hewani: LSD au Difloki?

Swali: Nimenunua gari la 4x4 lililotumika. Difu (gia zinazogawa nguvu kwa gurudumu la kushoto na la kulia) ya mbele ni ya wazi, yaani ya kawaida, ya nyuma ni LSD, ile inayopunguza kuteleza kwa gurudumu moja. Siku za kazi linatembea kwenye lami na barabara za vumbi, na mke wangu naye hulitumia. Wikendi naingia nalo porini na wenzangu. Kinachonisumbua ni kimoja: nikivuka korongo kwa mshazari, gurudumu moja la nyuma hupanda juu na kuanza kuzunguka bure, gari halisogei, kana kwamba LSD haimo. Fundi anasema nibadilishe pleti zake za msuguano. Rafiki yangu anasema niitoe kabisa nifunge difloki, difu inayoyafunga magurudumu mawili yazunguke pamoja. Nimsikilize nani?

Jibu: Ndugu yangu, huenda fundi wako amesema kweli kwamba pleti zimekwisha, na bado ukizibadilisha utakwama palepale korongoni. LSD nzima na LSD iliyokufa, gurudumu likiwa hewani, hufanana kuliko wengi wanavyodhani. Naomba nianzie hapo, maana jibu lako lote limejificha kwenye hilo gurudumu linaloning'inia.

Utasikia watu wakisema difu ya wazi hupeleka nguvu yote kwenye gurudumu linaloteleza. Wanachokiona ni mwendo, wakadhani ni nguvu. Difu ya wazi hugawa nguvu ya kuzungusha sawa kwa sawa, kushoto na kulia, wakati wote. Ila gurudumu lililo kwenye utelezi halihitaji nguvu kubwa ili lizunguke, na kwa kuwa mgawo ni sawa, lile lililo pakavu nalo hupewa kile kile kidogo. Kidogo hicho hakitoshi kulisogeza gari, kwa hiyo gurudumu la pakavu linasimama tuli na mwenzake anazunguka mara mbili ya kasi ya kasha la difu, lile linalozunguka likiwa limebeba gia zake.

Tuchukue tarakimu za mfano. Gurudumu la kushoto liko kwenye tope na linaweza kupokea Nm 200 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha) kabla halijateleza. La kulia liko juu ya mwamba, linaweza kupokea Nm 1,500. Kwa difu ya wazi unapata 200 kushoto na 200 kulia, jumla 400. Kwa LSD yenye uwiano wa 3 kwa 1, upande wenye mshiko hupewa hadi mara tatu ya ule dhaifu: 200 kushoto, 600 kulia, jumla 800. Umeongeza mara mbili, na mara nyingi hiyo inatosha kukutoa. Kwa difloki, shafti zote mbili zimekuwa kama chuma kimoja, hivyo kila gurudumu linatumia mshiko wake wote: 200 na 1,500, jumla 1,700.

Sasa liinue hilo la kushoto hewani. Difu ya wazi: sifuri na sifuri. LSD: mara tatu ya sifuri. Difloki: 1,500, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hapo ndipo penye tofauti yenyewe. LSD huliuliza gurudumu dhaifu lina kiasi gani, kisha hukizidisha. Difloki haimuulizi mtu. Maadamu magurudumu yote mawili yanagusa chini na kila moja lina angalau mshiko kidogo, LSD ni chombo kizuri sana. Moja likiondoka chini, haina cha kuzidisha.

Nisiionee LSD ya pleti, kwa kuwa ina springi zinazozibana pleti hata pasipo mzigo. Hizo hukuachia kiasi fulani hata gurudumu likiwa hewani, tuseme Nm 100. Lakini piga hesabu: kwa tairi lenye sentimita 38 kutoka katikati hadi chini, Nm 100 ni msukumo wa takriban kilo 27. Ni sawa na mtu mmoja kusimama nyuma ya gari la tani mbili akalisukuma. Kwenye lami tambarare litatembea. Korongoni halitikisiki. Na kwa gari lililotumika miaka mingi, pleti hizo huwa zimelika, hata ule msukumo wa mtu mmoja haupo tena.

LSD zenyewe si za aina moja, na inafaa ujue uliyonayo. Ya pleti ndiyo iliyozoeleka kwenye magari ya kazi, na Nissan Patrol nyingi zilitoka nayo nyuma. Huisha kama klachi yoyote inavyoisha, hutaka oili yenye kiungo maalumu cha kulainisha msuguano, na huchukia tairi zisizolingana kwenye ekseli moja. Ukifunga tairi jipya kushoto na kuukuu kulia, pleti zitasuguana safari nzima hata ukiwa kwenye barabara iliyonyooka. Ya gia za mshazari, kama Torsen aliyoibuni Vernon Gleasman na kuisajili mwaka 1958, au Truetrac ya Eaton, haina pleti za kuisha hivyo, hufanya kazi kimyakimya, na kwa maoni yangu ndiyo LSD bora kwa mtu asiyetaka kusumbuka. Ila nyingi hazina springi kabisa au zina kidogo, kwa hiyo gurudumu likipaa, sifuri yake ni sifuri kwelikweli. Ya mafuta mazito ya silikoni husubiri tofauti ya mwendo ndipo ibane, na ikichemka inachoka. Kwa porini siipendekezi.

Kuna ufundi mmoja ambao ungekusaidia leo hii bila kufunga chochote, mradi LSD yako iwe hai. Gurudumu likiwa hewani, vuta hendibreki taratibu, meno mawili au matatu, huku umeshika kitufe chake, kisha ongeza mafuta polepole. Breki inalipatia lile gurudumu la hewani mzigo wa bandia, na LSD inapata kitu cha kuzidisha. Tuseme breki inashika Nm 300 kila upande. Lile la hewani linapokea 300, mwenzake anapelekewa 900, toa 300 zinazoliwa na breki yake mwenyewe, zinabaki 600 za kusukuma gari. Humvee za jeshi la Marekani zina Torsen mbele na nyuma, na madereva wake hufundishwa kukanyaga breki na mafuta kwa pamoja kwa sababu hiyohiyo.

Watu wengi hujaribu jambo hili kwenye difu ya wazi na kushangaa halifanyi kitu. Hesabu inaonyesha kwa nini: 300 kwenda kila upande, na breki inakula 300 kila upande. Huna ulichobakiza. Mfumo wa kompyuta kwenye magari mapya hufaulu hata na difu ya wazi kwa kuwa hufunga breki ya upande mmoja tu, ule unaoteleza, jambo ambalo mguu wako hauwezi kulifanya. Na kama gari lako ni Land Rover Defender ya zamani au jingine lenye hendibreki kwenye propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu), usijisumbue. Breki hiyo iko kabla ya difu, haiwezi kutofautisha kushoto na kulia wala kulipatia gurudumu mzigo wake.

Kwa hiyo pleti mpya zina faida, na fundi wako hajakudanganya. Zitakurudishia LSD ya barabara za utelezi, na pamoja na hendibreki zitakuvusha baadhi ya makorongo. Baadhi.

Tuje kwenye difloki. Hapa pia kuna koo mbili, na zinatofautiana kuliko LSD inavyotofautiana na difloki.

Ya kwanza ni inayojifunga yenyewe, kama Detroit Locker, au zile ndogo zinazoingizwa ndani ya kasha la difu la kiwandani. Ukikanyaga mafuta, imefungwa. Kwenye kona, gurudumu la nje likitaka kwenda haraka zaidi, meno yake huachia upande huo na kuuruhusu. Haina waya wala mpira wa hewa, haina cha kuharibika, na porini ni kali. Lakini haizimiki. Kwenye kona ya lami ukiwa umekanyaga mafuta, gurudumu la ndani ndilo linalosukuma, na gari linataka kwenda moja kwa moja. Ukiachia mafuta katikati ya kona, linabadilisha tabia ghafla. Utasikia milio ya chuma kwenye maegesho na kudhani kuna kitu kimevunjika. Gari fupi huhisi haya zaidi kuliko refu. Dereva aliyelizoea huyameza yote hayo bila kuwaza, lakini wewe umeniambia gari lina madereva wawili na linatembea lami siku tano kwa wiki. Mvua ikinyesha, na aliyeshika usukani akawa hajalizoea, sitaki hiyo difu iwe chini yake. Kwa gari lako hii naiondoa mezani.

Ya pili ni ya swichi. Ukiizima, una difu ya wazi ya kawaida kabisa. Ukiiwasha, ekseli imefungwa asilimia mia. ARB ya Australia hutumia hewa ya kompresa, Toyota kwenye Land Cruiser nyingi hutumia mota ndogo ya umeme inayosukuma pete ya meno, na zipo za kebo na za sumaku ya umeme. Jeep Wrangler Rubicon ilitoka na za mbele na nyuma tangu mwaka 2003, na Mercedes ya aina ya G tangu toleo la W463 la mwaka 1990 ina swichi tatu kwenye dashibodi: ya katikati, ya nyuma, ya mbele, nawe unazibonyeza kwa mpangilio huohuo.

Hii ndiyo ningekufungia. Difloki ya swichi, nyuma, na mbele uache kama palivyo kwa sasa.

Kwa nini nyuma kwanza? Sehemu unazokwama ni za kupanda, na gari likipanda uzito wake hulalia nyuma. Magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, kwa hiyo kuyafunga hakukupi mengi kama kuyafunga yale yaliyobeba mzigo. Halafu mbele kuna usukani. Ekseli ya mbele ikifungwa, magurudumu yanalazimishwa kuzunguka kasi moja wakati kona inataka kasi mbili, na usukani unakuwa mzito, unajirudisha wenyewe katikati.

Na mbele ndiko vitu vinakovunjika. Hebu tuone nguvu inayozungumziwa. Injini ya Nm 300, gia ya kwanza inayozidisha mara 4, gia nzito ya 4L inayozidisha mara 2.5, difu inayozidisha mara 4: unafika Nm 12,000. Zikigawanywa sawa kwa shafti nne, kila moja inabeba 3,000. Ukifunga ekseli, ule ulinzi wa mgawo sawa umeuondoa, na shafti moja inaweza kubeba mzigo wa mbili. Mara nyingi tairi hukuokoa kwa kuteleza kabla chuma hakijakatika. Lakini tairi likibanwa kati ya mawe mawili haliwezi kuteleza. Nilijifunza hilo kwenye mpando wa mawe, difloki zote mbili zikiwa zimewashwa, usukani nimeukata mpaka mwisho, gurudumu la mbele la kushoto limekwama kwenye ufa. Niliongeza mafuta badala ya kurudi nyuma nusu mita nichague njia nyingine. Jointi ya CV, kiungo kinachokunjika kati ya shafti na gurudumu la mbele, ilipasuka kwa mlio kama wa bunduki. Jointi iliyokunjwa kwa kona ni dhaifu kuliko iliyonyooka, na mimi niliibebesha mzigo wote ikiwa imekunjwa kabisa. Tangu siku hiyo, difloki ya mbele naiwasha usukani ukiwa umenyooka au karibu kunyooka, naizima kabla ya kukata kona.

Usije ukadhani difloki ni bora kila mahali, kwani kuna sehemu moja inayokufanya uwe hatarini kuliko difu ya wazi: ubavu wa kilima. Tairi linalozunguka bure hupoteza mshiko wake wa pembeni pia. Ukiwa na difu ya wazi, gurudumu moja likiteleza, lile jingine limesimama na linaishikilia ekseli kama nanga isiteremke. Ekseli iliyofungwa huzungusha yote mawili kwa pamoja, nanga hiyo haipo, na mkia wa gari unaserereka kuelekea bondeni. Nimeona magari mawili yakipita njia moja ya udongo mwekundu uliolowa, imelala kuelekea mtaroni. La difu za wazi lilipita likihangaika na kurusha tope. La difloki ya kujifunga lilishuka mtaroni ubavu kwa ubavu, taratibu, bila dereva kuwa na la kufanya. LSD nayo ina tabia hii, kwa kiasi kidogo. Ndiyo sababu nyingine ya kutaka swichi: ubavuni unaizima.

Kuna kitu utapoteza, na ni haki ukijue kabla hujatoa fedha. Difloki nyingi za swichi huja na kasha lake zima, na LSD inatoka ndani ya difu. Ukiizima swichi unabaki na difu ya wazi. Kwenye barabara ya vumbi yenye changarawe na matuta ya bati, kwa mwendo wa kilomita 60 au 70, LSD nzima ni raha. Gari linatoka kwenye kona likiwa limetulia, tairi la ndani haliparuri, na wewe hujabonyeza kitu. Difloki haiwezi kukupa hilo, kwa kuwa kwa mwendo huo haifai kuwashwa. Kama ungeniambia kwamba safari zako ni barabara za vumbi na utelezi tu na magurudumu hayatoki chini, ningekwambia tengeneza LSD na usiguse kingine. Lakini uliniandikia kwa sababu ya korongo.

Mchanga nitaupitia kwa haraka. Kwenye mchanga laini magurudumu yote huwa na mshiko unaokaribiana, kwa hiyo LSD na difloki hazikuongezei mengi. Upepo wa tairi ndio unaoamua. Punguza upepo kwanza, na hili lifanye hata kwenye mawe, kwani tairi laini hukumbatia jiwe, na mara nyingi utagundua difloki hukuihitaji.

Ukishaifunga, iwashe kabla ya kikwazo, gari likiwa limesimama au linatambaa, magurudumu yote yakiwa yametulia. Anayeiwasha wakati gurudumu moja linazunguka kwa kasi anagonganisha meno ya chuma yaliyosimama na yanayokimbia, na meno hayo ndiyo yatakayolipa. Ukishavuka, izime. Ikikataa kuachia, taa ikabaki inawaka, hiyo ni shafti zilizojisokota. Rudi nyuma mita moja au sogeza usukani kidogo kushoto na kulia, itaachia. Kwenye lami usiiwashe kamwe. Na ujue kwamba magari mengi ya kisasa huzima baadhi ya misaada ya breki za kompyuta ukiiwasha, kwa hiyo kwenye mteremko tegemea gia zaidi kuliko breki.

Kabla ya yote hayo, pima hiyo LSD ujue kama iko hai. Egesha kwenye sakafu tambarare, weka magogo mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki na uweke stendi, jingine libaki chini. Gia iwe nyutro, hendibreki uiachie. Tumia spana ya kupimia nguvu kwenye kitovu cha gurudumu lililoinuliwa, uone linaanza kuzunguka kwa Nm ngapi, kisha linganisha na kitabu cha huduma cha gari lako. Likizunguka kwa kidole, pleti zimekwisha. Jaribio lile la kuinua magurudumu yote mawili na kuzungusha moja kwa mkono ni la haraka: mwenzake akienda upande uleule, LSD inabana, akienda kinyume, imekufa, au ni ya gia za mshazari isiyo na springi, ambayo ndivyo inavyokuwa hata ikiwa mpya.

Na nakuomba sana, wakati gurudumu moja tu liko juu, mtu yeyote asiwashe injini na kuingiza gia ili "kuona kama inashika". LSD iliyo hai itapeleka nguvu kwenye lile lililo chini, na gari litaruka kutoka kwenye jeki likiwa na mtu ubavuni mwake.

Siku fundi atakapofungua difu kwa ajili ya difloki, mwambie apime upya mlegeo kati ya krauni na pinioni (gia kubwa na ndogo za difu), maana kasha jipya halikai milimita ileile ya zamani, na difu iliyofungwa bila kupimwa huanza kulia baada ya safari chache. Kasha la LSD likitoka, mwambie alitoe zima pamoja na beringi zake, alifunge kwenye nailoni na oili, akukabidhi. Siku ukiuza gari, au safari zako zikibadilika ziwe za barabara za vumbi tupu, utalirudisha mahali pake.